Video ya nyumbani haitoki kwenye laptopu ya zamani: tafuta chanzo kwa kufuata dalili

Malalamiko huwa yaleyale: "Nimemaliza kuhariri, nimebonyeza kutoa video, imefika asilimia fulani ikagoma. Nitumie programu gani nyingine?" Kabla ya kujibu, mimi huuliza kwanza: inagoma palepale kila mara, au leo hapa na kesho pale?

Tofauti hiyo ni kubwa. Ikigoma palepale, kwa kawaida kosa limo ndani ya kazi yako: klipu, maandishi, efekti au muziki ulioweka. Ikigoma popote, mashine ndiyo inayolemewa: joto, umeme, kumbukumbu au diski. Programu ya kuhariri ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi haina hatia. Nimeona watu wakibadilisha programu tatu kwa wiki moja ilhali feni imejaa vumbi.

Nitatumia neno "kurenda" kama tunavyolitumia sote, yaani kuigeuza kazi uliyohariri kuwa faili moja la video.

Kabla hujagusa chochote: nakili klipu za asili

Kurenda ni miongoni mwa kazi nzito kuliko zote unazoweza kuipa laptopu. Prosesa hufanya kazi kwa nguvu zote kwa saa nzima au zaidi, na diski husoma na kuandika bila kupumzika. Diski iliyokuwa ikijikongoja inaweza kukata roho siku hiyohiyo. Video uliyohariri utaihariri tena. Sauti ya mtoto akitamka neno lake la kwanza huipati tena.

Nakili klipu zote za asili kwenye diski ya nje. Nasema nakili, usihamishe. Kisha fungua klipu tatu nne kutoka kwenye nakala hiyo uone kama zinacheza hadi mwisho. Usiifute kadi ya kamera wala video zilizo kwenye simu mpaka kazi yote iishe. Ikiwa kunakili kwenyewe kunakwama, au diski inatoa sauti ya kugonga, acha hapo na uruke hadi sehemu ya mwisho.

Dalili: inakwama palepale kila mara

Sababu, kuanzia inayotokea sana:

- klipu moja ina fremu zilizoharibika;
- faili la muziki au picha limehamishwa au limebadilishwa jina, programu hailioni tena;
- efekti, fonti au plagini (programu ndogo ya nyongeza) fulani inaiangusha programu inapofikiwa;
- klipu ina umbizo ambalo programu inalisoma kwa shida, hasa HEVC (H.265), namna ya kubana video inayotumiwa na simu nyingi.

Nieleze kilichonipata. Nilikuwa narenda video ya dakika 40, bibi yangu akisimulia utoto wake. Mara nne mfululizo iligoma kwenye asilimia 63. Asilimia 63 ya dakika 40 ni dakika 25 na sekunde 12, basi nikaupeleka mshale pale na kusogeza fremu moja moja. Kwenye 25:16 uso wa bibi ukavunjika vipande vya kijani kwa fremu sita hivi, kisha ukarudi kama kawaida. Kwa macho ya kawaida huoni kitu, unadhani skrini imepepesa. Klipu iliharibika wakati wa kunakiliwa kutoka kwenye kadi ya kamera, na kadi bado nilikuwa nayo. Nikainakili upya, nikaibadilisha kwenye taimulaini, ikapita.

Fanya hivyohivyo:

1. Andika asilimia iliyogoma, ikokotoe iwe dakika, kisha kagua sekunde 30 kabla na 30 baada ya hapo. Asilimia si saa kamili: efekti nzito huipotosha, na ukichagua kurenda kwa mizunguko miwili (programu huipitia video mara mbili), asilimia 63 huenda ikawa ndani ya mzunguko wa pili. Ndiyo maana unakagua eneo pana kidogo.
2. Usipoona kitu, gawa kazi nusu kwa nusu. Renda nusu ya kwanza peke yake, kisha ya pili. Nusu inayogoma igawe tena. Kwa mara tano au sita utakuwa umebaki na kipande cha dakika moja au pungufu.
3. Katika kipande hicho ondoa kitu kimoja kimoja: kwanza efekti, kisha maandishi, kisha muziki, mwisho klipu yenyewe. Ondoa kimoja, renda, ndipo uondoe kingine. Ukiondoa vyote kwa pamoja hutajua kilichokuwa kinasumbua.
4. Klipu ikiwa ndiyo mbovu, inakili upya kutoka kwenye kadi au simu. Ikiwa ya asili imeshafutwa, ipitishe kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, uigeuze kuwa H.264, umbizo la zamani kidogo linalosomwa karibu kila mahali. Mara nyingi huruka fremu zilizoharibika na kukupa klipu inayofaa. Ikishindikana, kata hizo fremu chache. Sehemu ndogo ya sekunde ikipotea si msiba.

Fonti nazo zisidharauliwe. Fonti iliyopakuliwa ovyo inaweza kuiangusha programu kila maandishi yale yanapofika. Weka fonti ya kawaida ya mfumo ujaribu.

Dalili: inagoma popote, au laptopu inazimika ghafla

Anza na mambo mepesi kabla hujashika bisibisi. Je, laptopu inalala yenyewe baada ya dakika kadhaa usipoigusa? Zima usingizi huo kwenye mipangilio ya umeme. Je, umefungua kivinjari chenye kurasa ishirini? Funga. Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu ya kuhariri, zima msaada wa chipu ya picha, urende tena. Itakwenda polepole zaidi, lakini ikifika mwisho, huenda tatizo ni draiva ya chipu ya picha, yaani programu inayoiendesha. Pakua mpya kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu au wa chipu, usiipakue kwenye tovuti usiyoijua.

Ikiwa bado inagoma, mshukiwa mkuu ni joto. Mwenendo wake ni huu: dakika kumi za mwanzo mambo ni shwari, feni inaanza kuvuma, kasi inashuka, kisha inakata. Prosesa ya laptopu ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na joto likizidi kupanda mashine huzima bila kukuaga. Sakinisha programu ya kupima joto kama HWiNFO, iache wazi pembeni wakati wa kurenda. Ukiona nyuzi 95 na zaidi dakika baada ya dakika, chanzo umekipata.

Iweke laptopu juu ya meza ngumu. Kitanda, godoro na mapaja huziba matundu ya hewa ya chini. Inua sehemu ya nyuma kwa vitabu viwili ili hewa ipite. Halafu weka kiganja penye tundu la kutolea hewa: feni ikiwa inavuma kwa nguvu lakini hewa inayotoka ni kidogo na ya moto sana, ndani kuna utando wa vumbi kati ya feni na mapezi ya kipoza joto. Huwa mnene kama kipande cha blanketi, na ukishauona mara moja huusahau.

Kuusafisha si kazi ngumu iwapo laptopu yako inafunguka kwa skrubu za kawaida. Izime kabisa, chomoa chaja, na kama betri inatoka, itoe. Shikilia mapanga ya feni yasizunguke unapopuliza hewa, kwa sababu feni ikizungushwa kwa kasi na upepo wa kopo la hewa inaweza kuharibika. Utando uutoe kwa brashi laini, usiusukume ndani zaidi.

Ikishakuwa safi na bado inachemka, huenda dawa inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto imekauka. Hilo hutokea kwenye laptopu ya miaka mingi. Kuibadilisha kunahitaji kung'oa kipoza joto, na chini yake kuna chipu iliyo wazi inayoweza kuvunjika pembeni ukikaza skrubu vibaya. Kama hujawahi, mpelekee fundi. Hiyo ni kazi ndogo kwake na hatari kwako.

Baada ya joto, tazama chaja. Hili huwachanganya wengi, kwa sababu laptopu "inachaji vizuri tu". Chukua laptopu inayohitaji chaja ya wati 65 ukaichomeka kwenye ya wati 45: ukisoma barua pepe, betri inajaa. Ukianza kurenda, betri inashuka ingawa waya umechomekwa, na betri iliyochoka inaweza kukata hata ikionyesha asilimia 30. Soma wati zilizoandikwa kwenye chaja, uzilinganishe na zinazotakiwa na laptopu. Na usirende kwa betri peke yake: laptopu nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri.

Mwisho kabisa katika kundi hili ni RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine. Dalili yake ni makosa yasiyofanana: leo programu imefunga, kesho skrini ya buluu, keshokutwa faili limetoka na fremu chafu. Kwenye Windows, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta, uiruhusu iwashe upya na kupima. Ikikuta kosa, acha kurenda, na acha hata kunakili, kwa kuwa RAM mbovu inaweza kuharibu faili lolote linalopita humo.

Dalili: inarenda, lakini polepole mno

Fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc wakati inarenda, au Activity Monitor kwenye Mac. Utaona mojawapo ya hali tatu:

Prosesa iko asilimia 100. Hiyo ni kawaida, mashine inafanya kazi yake yote. Ipunguzie mzigo. Video ya 4K ina pikseli mara nne ya 1080p, na kwa video ya familia itakayotazamwa kwenye simu na televisheni, 1080p inatosha kabisa. Ondoa efekti za kusafisha chenga na kutuliza mtikisiko pasipo na lazima, maana hizo mbili hula muda kuliko zote.

Prosesa iko asilimia 20 lakini diski iko 100. Hapo diski ya sahani inayozunguka ndiyo inayokuchelewesha. Weka klipu kwenye diski moja na faili linalotoka kwenye nyingine. Ukiwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya laptopu ya zamani, nunua SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka. Hakuna badiliko jingine linalohisiwa haraka hivyo.

Kumbukumbu imejaa. Laptopu ya RAM ya GB 4 haiwezi kuhariri 4K kwa raha, itageukia diski kila saa. Funga vingine vyote. Kama laptopu yako inakubali kuongezwa RAM, GB 8 ni mwanzo mzuri.

Halafu kuna suala la HEVC. Simu nyingi hurekodi HEVC ili kuokoa nafasi, lakini laptopu ya zamani huenda haina sehemu ya chipu inayoifungua. Kwa Intel, uwezo huo ulikuja na kizazi cha 6 mwaka 2015, na ule wa HEVC ya biti 10 (yenye ngazi nyingi zaidi za rangi) kizazi cha 7. Chini ya hapo prosesa huifungua kwa mabavu, fremu baada ya fremu. Kama hujui klipu zako ni za aina gani, zifungue kwenye VLC kisha bonyeza Ctrl+J. Zikiwa HEVC, zigeuze zote kuwa H.264 usiku kabla ya kuhariri. Klipu zilizobaki kwenye simu huna haja ya kuzigusa. Badilisha mpangilio wa kamera tu ili zijazo zije kwa H.264.

Proksi, zile nakala nyepesi za kuhaririia, husaidia wakati wa kuhariri peke yake. Wakati wa kurenda programu hurudi kwenye klipu za asili, kwa hiyo usitegemee zikuharakishie hapo.

Dalili: inakataa mara tu inapoanza, au inakufa karibu na mwisho

Nafasi ya diski kwanza. Hesabu ni rahisi: kiwango cha megabiti 16 kwa sekunde ni megabaiti 2 kwa sekunde, sawa na MB 120 kwa dakika, au GB 7.2 kwa saa. Weka wazi angalau mara mbili ya kiasi hicho, kwa kuwa programu nyingi huandika mafaili ya muda kabla ya lile la mwisho.

Ukiona faili linakatika kila mara likifika GB 4, usihangaike na mipangilio. Unaandika kwenye flashi au diski ya umbizo la FAT32, ambalo halipokei faili moja linalozidi GB 4. Kwa kiwango nilichotaja hapo juu, hiyo ni takriban dakika 35 za video. Renda kwenye diski ya ndani. Flashi unaweza kuifomati kuwa exFAT, ila kufomati kunafuta vyote vilivyomo. Kagua kwanza kama televisheni yako inasoma exFAT, za zamani nyingine hazisomi.

Ikikataa papo hapo bila kuandika hata kidogo, jaribu folda nyingine yenye jina fupi. Ulinzi wa Windows dhidi ya virusi vya kuteka mafaili unaweza kuizuia programu isiandike kwenye folda za Videos na Documents, na ujumbe unaotokea hausemi hivyo waziwazi.

Dalili: imetoka, lakini ina kasoro

*Sauti imepishana na midomo.* Kwanza tazama kwa spika za laptopu au za waya, kwa sababu spika za Bluetooth huchelewesha sauti zenyewe. Kama kupishana ni kulekule tangu mwanzo, isogeze sauti kwenye taimulaini. Kama mwanzo ni sawa lakini kadiri video inavyokwenda pengo linapanuka, chanzo ni simu. Simu hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kutegemea mwanga na mzigo, na programu nyingi za kuhariri huhesabu kana kwamba idadi ni moja. Pitisha klipu kwenye HandBrake ukichagua idadi ya fremu isiyobadilika, uziweke upya. Kuzikatakata ili zifuatane na midomo ni kujitesa.

*Sauti ipo, picha hakuna, kwenye televisheni au simu nyingine.* Umetoa HEVC au biti 10. Renda upya kwa MP4, H.264 ya biti 8, sauti AAC. Mchanganyiko huo huchezwa karibu kila mahali.

*Rangi zimefifia au nyuso zimeng'aa kupita kiasi.* Klipu ni za HDR, yaani zenye mwanga na rangi pana kuliko video ya kawaida. iPhone kuanzia toleo la 12 la mwaka 2020 hurekodi hivyo, na simu nyingine kadhaa pia. Igeuze kuwa rangi za kawaida, Rec.709, ndani ya programu yenye uwezo huo kabla ya kurenda.

*Kingo za vitu vinavyotembea zina meno kama kitana.* Hizo ni video za kamera za kanda, au za AVCHD zenye mafaili ya .mts, ambamo mistari ya shufwa na ya witiri hurekodiwa kwa zamu. Washa kichujio cha kuunganisha mistari hiyo. Shotcut, Kdenlive na HandBrake vyote vinacho.

*Umeme ulikatika, faili lina ukubwa lakini halifunguki.* Kwa kawaida MP4 huandika mwishoni kabisa ile fahirisi inayoeleza kila fremu iko wapi. Ikikatizwa kabla ya hapo, mchezaji wa video hajui pa kuanzia. Kwa laptopu inayozimika ovyo, renda kwa umbizo la MKV, kwani kilichokwisha kuandikwa humo huchezeka. Ukimaliza, geuza kuwa MP4 bila kurenda upya, kwa amri hii ya programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i video.mkv -c copy video.mp4

Huchukua dakika chache tu na ubora haushuki hata kidogo.

Acha mara moja: betri imevimba

Padi ya kugusa imeinuka au imekuwa ngumu kubofya. Laptopu inayumba juu ya meza tambarare. Skrini haifungi vizuri kama zamani. Hizo ni dalili za betri ya lithiamu inayojaa gesi. Zima, chomoa chaja, usiichaji tena, usiibonyeze na usiitoboe "ili ipumue". Betri iliyotobolewa hushika moto, na moto wake ni mkali. Iweke mbali na vitu vinavyoungua, umpelekee fundi aitoe. Hata kama imebaki dakika tano video imalizike, zima.

Acha mara moja: diski inakufa

Inagonga tik-tik-tik. Folda inachukua dakika nzima kufunguka. Kunakili kunakwama kwenye faili lilelile. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski: rangi ya njano au nyekundu inamaanisha diski imeanza kuwa na sehemu mbovu. Ukiwa katika hali hiyo, usirende, usisakinishe kitu, na usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski. Amri hiyo inaweza kulazimisha diski dhaifu kusomwa yote, na kurekebisha mpangilio wa mafaili bila kujali video zako. Nakili zile usizoweza kuzipata tena kwanza, moja moja, ukianza na ndogo. Faili likikwama, liruke uendelee na mengine.

Diski ikigonga tu na isionekane kabisa, izime na usiiwashe tena ili "ujaribu mara moja tu". Kila inapowashwa, vichwa vya kusomea vinaweza kuzidi kuukwaruza uso wa sahani. Tafuta mtu anayefanya kazi ya kuokoa data. Kazi hiyo ni tofauti na kutengeneza kompyuta. Kabla ya kumkabidhi mtu yeyote laptopu, bandika karatasi juu yake: dalili ulizoona, tarehe zilipoanza, folda gani ina video, na kwa herufi kubwa, USIFOMATI. Fundi mwenye haraka huona laptopu nzito na kuweka Windows mpya, naye hukurudishia mashine nyepesi isiyo na kitu ndani.